Dawa Inapokosa Njia ya Kufika Jinoni

Gego langu la chini, upande wa kulia, lilivimba mara nne ndani ya miaka miwili. Kila mara nilifanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Nilikwenda duka la dawa la mtaani, nikamweleza muuzaji, ambaye sote tunamwita dokta, nikapewa amoksilini na Flagyl, nikameza siku tano au saba. Uvimbe ukashuka, nami nikasahau. Mara ya tatu niliomba dawa kali zaidi, nikapewa. Mara ya nne niliamka shavu limejaa mpaka jicho likawa dogo, na siku hiyo ndipo nilipokubali kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno.

Daktari alinichorea jino kwenye kipande cha karatasi. Alichora taji, mizizi miwili, na ndani ya mizizi mistari myembamba ya mifereji. Kisha akachora mshipa wa damu unaoingilia kwenye ncha ya mzizi, akaukata kwa kalamu. "Dada," akaniambia, "dawa ya kumeza husafiri na damu, na humu ndani damu haifiki tena. Umekuwa ukituma mzigo kwenye kijiji ambacho daraja lake limevunjika."

Nimeubeba mchoro ule kichwani tangu siku ile, na ndio unaonifanya niandike. Ndugu na majirani zangu wengi wanazunguka duara lilelile: maumivu, vidonge, nafuu, maumivu. Siku hizi limeongezeka jambo jingine. Watu wanatumiana habari kwamba wanasayansi wametengeneza chembe ndogo mno zinazobeba dawa hadi ndani kabisa ya jino, kisha wananiuliza: je, tusubiri? Zipo hospitalini? Dawa ya mswaki iliyoandikwa "nano" ndiyo hiyo? Habari hizo zina ukweli mkubwa ndani yake, na zinastahili kuelezwa vizuri, kwa kuwa mtu akielewa kwa nini chembe hizo zinatafutwa, atajua pia la kufanya na jino lake wiki hii hii.

Tuanze na jino lenyewe. Kwa nje kuna enameli, gamba gumu kuliko kitu chochote mwilini. Chini yake kuna dentini, na katikati kabisa kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Dentini ndiyo inayotuhadaa. Ukiitazama kwa macho ni kama mfupa mgumu, lakini kwa darubini utaona imetobolewa na mirija midogo mno inayotoka kwenye kiini kuelekea nje. Karibu na kiini, eneo la milimita moja ya mraba lina mirija zaidi ya 40,000, na kila mmoja una upana wa mikroni mbili na nusu hivi. Mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Kadiri unavyokwenda nje, mirija hupungua na kuwa myembamba hadi chini ya mikroni moja. Sasa, bakteria wengi wa kinywani wana upana wa nusu mikroni hadi mikroni moja. Wanapita kwenye mirija hiyo, na wanapata nafasi ya kukaa.

Tundu la jino likiachwa hadi likafika kwenye kiini, kiini huvimba, na kwa kuwa kimefungiwa ndani ya kuta ngumu hakina pa kutanukia. Hapo ndipo yanapokuja yale maumivu ya usiku yanayomfanya mtu mzima alie. Baada ya muda kiini hufa, na maumivu mara nyingi hukoma. Wengi hudhani wamepona. Kumbe kilichotoweka ni uhai wa kiini, na kile chumba tupu kimegeuka makazi ya bakteria. Kwamba bakteria ndio chanzo cha balaa lote, hilo lilioneshwa waziwazi mwaka 1965 huko Bethesda, Marekani, ambako watafiti Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini. Panya wa kawaida walioza viini na kupata majipu. Panya waliolelewa bila kijidudu chochote walibaki salama, na hata dentini mpya ikaanza kujijenga juu ya kidonda, ingawa chakula kiliingia kwenye matundu yao vilevile.

Bakteria wa kwenye mzizi hawakai mmoja mmoja. Hujipanga kwenye kuta za mfereji na kujifunika kwa utando wanaoutengeneza wenyewe. Umewahi kuingiza mkono ndani ya pipa la maji ambalo halijasuguliwa kwa miezi? Ule utelezi unaoushika ni utando wa namna hiyohiyo. Ukisuuza pipa kwa maji tu, utelezi unabaki palepale, na hata ukimwaga dawa juu yake, dawa hufa kwenye tabaka la juu kabla haijawafikia walio chini. Wale wa chini kabisa nao wana tabia ya kupunguza shughuli zao, wakakaa kama waliolala, na antibayotiki nyingi humuua kiumbe anayekua na kugawanyika, wala si aliyelala.

Kati yao yuko mmoja ambaye madaktari wa mizizi ya meno wanamfahamu kwa jina: Enterococcus faecalis. Hupatikana mara nyingi kwenye meno ambayo mizizi yake ilishatibiwa na maradhi yakarudi. Anaweza kukaa na njaa muda mrefu, anaingia kwenye mirija ya dentini, na ana njia ya kujilinda dhidi ya mojawapo ya dawa kongwe zaidi za mizizi, ambayo nitaigusa hivi punde. Kwa hiyo, ndugu yangu, unapoomba "dawa kali zaidi" dukani, fikiria unaiomba ikafanye nini. Haina damu ya kuifikisha kwenye mfereji, na hata ingefika ingekuta utando, na nyuma ya utando mirija, na ndani ya mirija kiumbe aliyelala njaa. Uvimbe hushuka kwa sababu dawa huwaua wale waliotoka nje ya mzizi na kuingia kwenye mfupa na nyama, ambako damu ipo. Walio ndani hubaki, wakasubiri, wakatoka tena.

Hivyo ndivyo duara langu la miaka miwili lilivyokuwa likizunguka. Na kila mzunguko ulikuwa na gharama nyingine ambayo sikuiona: bakteria wengine mwilini mwangu, wasiohusika na jino, walikuwa wakizoeshwa dawa. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa huanza hivyo, nyumbani, kwa watu wenye nia njema kabisa.

Daktari anapotibu mzizi leo hufanya kwanza kile anachofanya mama mwenye pipa chafu: anasugua. Hutoboa jino, akatoa kiini kilichooza, akaingiza faili nyembamba ndani ya mfereji na kukwangua kuta. Lakini mfereji wa jino haujanyooka kama bomba. Unapinda, unabanwa, unatoa vitawi vya pembeni, na vipimo vya eksirei ya pande zote vimeonesha kwamba faili zinaweza kuacha theluthi moja ya kuta, au zaidi, bila kuzigusa. Ndiyo maana kukwangua huenda pamoja na kuosha. Kinachooshea hasa ni sodiamu haipokloraiti, jamii ileile ya dawa ya kufanyia weupe nguo, iliyopimwa nguvu yake. Henry Dakin aliitumia kusafishia vidonda vya askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Inaua bakteria na kuyeyusha nyama iliyokufa, kazi mbili ambazo ni nadra kuzipata kwenye dawa moja. Lakini hata yenyewe ikipimwa kwenye dentini huingia mikroni 77 hadi 300 hivi, kutegemea nguvu, joto na muda, ilhali bakteria wanaweza kuwa wamekwenda mbali kuliko hapo.

Baada ya kuosha, daktari huweza kuacha dawa ndani ya mfereji kwa wiki moja au mbili na kuziba jino kwa muda. Inayotumika sana ni kalisi haidroksaidi, ile dawa kongwe niliyoitaja, iliyoingizwa kwenye utabibu wa meno mnamo 1920. Ni uji mweupe wenye ukali wa kialkali wa pH 12.5, na bakteria wengi hufa humo. Tatizo ni kwamba dentini yenyewe huupoza ukali huo. Ndani ya mirija pH haipandi kama ilivyo kwenye mfereji, na Enterococcus faecalis ana pampu kwenye ngozi yake inayomwezesha kuvumilia hadi kiwango fulani cha ukali huo. Unaona tena kisa kilekile. Dawa ni nzuri, kufika ndiko kugumu.

Hapo ndipo chembe zinapoingia, na naomba uzifikirie kama vyombo vya usafiri. Neno nano lina kipimo chake: mikroni moja ina nanomita 1,000, na chembe zinazoitwa za nano kwa kawaida ni zile za nanomita 1 hadi 100, ingawa kwa wabeba dawa watu huruhusu hata mia kadhaa. Chembe ya nanomita 100 ikiingia kwenye mrija wa mikroni mbili na nusu ni kama bodaboda iliyoingia kwenye barabara ya njia nyingi.

Wazo la kubebesha dawa ndani ya kifuko kidogo si geni. Katika miaka ya 1960 Alec Bangham, akifanya kazi karibu na Cambridge, Uingereza, alieleza jinsi mafuta ya aina fulani yanavyojikunja yenyewe kwenye maji na kuwa vifuko vidogo, ambavyo leo huitwa liposomu. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya vifuko hivyo, Doxil. Kwenye meno, watafiti wamejaribu vibebeo vya namna nyingi. Vipo vya plastiki inayoyeyuka mwilini, ya jamii ileile inayotengenezewa nyuzi za kushonea vidonda ambazo hazihitaji kutolewa. Vipo vya silika yenye matundu kama sifongo, ambayo hunyweshwa dawa kisha ikaachia polepole. Vingine hutengenezwa vifunguke pale tu panapokuwa na asidi, na mahali penye bakteria wengi asidi ni jambo la kawaida, kwa hiyo adui mwenyewe ndiye anayefungua mlango.

Kibebeo ninachokipenda zaidi, pengine kwa kuwa nimekulia pwani, ni kitosani. Hutengenezwa kutokana na maganda ya kamba na kaa, yale tunayoyatupa nyuma ya jiko. Chembe za kitosani zina chaji chanya, na ngozi ya bakteria ina chaji hasi, hivyo hunasana. Anil Kishen na wenzake katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, wamezifanyia kazi kwa miaka mingi kwa ajili ya mizizi ya meno, wakizitumia zenyewe na pia wakizibebesha rangi maalumu ambayo ikimulikwa mwanga huzalisha oksijeni kali inayoua bakteria. Uzuri wa kitosani ni kwamba haiui tu, inavuruga na ule utando.

Wengine wameona kwamba kutuma chembe na kungoja ziingie zenyewe hakutoshi, ziongozwe. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kundi la Hyun Koo hutumia chembe za oksidi ya chuma pamoja na haidrojeni peroksaidi. Chembe hizo huiamsha peroksaidi ikazalisha kemikali kali papo hapo zilipo, na kwa kuwa ni za chuma, sumaku inaweza kuziendesha zikakwangua utando na kubeba mabaki yake. Moja ya chembe walizotumia, ferumoksitoli, tayari ni dawa inayoruhusiwa kwa wagonjwa wa upungufu wa damu, jambo linalopunguza kidogo hofu ya usalama. Huko Bengaluru, kwenye Taasisi ya Sayansi ya India, walitangaza mwaka 2022 vijiparafujo vya silika vilivyopakwa chuma. Sumaku inayozunguka huvizungusha, navyo hujisukuma ndani ya mirija ya dentini kama parafujo kwenye mbao. Kwenye meno yaliyokwisha kung'olewa vilifika kina cha mikroni 2,000, kisha vikapashwa joto kwa sumaku hiyohiyo na kuwaua bakteria walioko hapo. Linganisha na zile 300 za haipokloraiti.

Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilifurahi sana, na bado ninafurahi. Lakini rudi kwenye aya iliyopita uone maneno "meno yaliyokwisha kung'olewa." Kazi nyingi za chembe za mizizi ya meno zimefanyika hapo, mezani, kwenye meno ambayo hayana mwenyewe. Bakteria waliotiwa humo mara nyingi ni wa aina moja, wamekuzwa siku au wiki chache, ilhali utando wa kwenye jino la mtu mzima una aina nyingi na huenda una miaka. Kinywani kuna damu, usaha na majimaji yanayoingilia kwenye ncha ya mzizi. Kuna pia swali la chembe zinazopenya ncha na kuingia kwenye mfupa: zinakwenda wapi? Chembe za fedha, kwa mfano, zinaua bakteria vizuri, lakini fedha inaweza kulitia jino weusi, na kwa wingi hudhuru hata seli zetu. Maswali haya yanajibiwa kwa majaribio kwa binadamu, yanayochukua miaka. Kwa hiyo jibu langu kwa anayeuliza kama asubiri ni moja: usisubiri. Jino lako halisubiri.

Ipo hata hivyo sehemu moja ya kinywa ambako chembe zibebazo dawa zimeshafika kwa wagonjwa, na si kwenye mzizi wa ndani. Ni kwenye fizi. Fizi zilizougua kwa muda mrefu huachana na jino na kufanya mfuko ambao mswaki haufiki, na humo bakteria hukaa na kula mfupa taratibu hadi jino linalegea. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha Arestin, unga wa chembe za mviringo za ile plastiki inayoyeyuka, zilizobeba miligramu 1 ya minosaiklini. Hizi si za nano, ni kubwa zaidi, za kiwango cha mikroni. Daktari huziingiza kwenye mfuko wenye kina cha milimita 5 au zaidi baada ya kusafisha mzizi, nazo huachia dawa kwa takriban siku 14. Mtu anapata miligramu moja mahali panapoumwa, badala ya vidonge vya miligramu mamia vinavyozunguka mwili mzima. Kwa mawazo yangu huo ndio mfano bora wa kile tunachokitafuta.

Na matokeo yake? Yapo, lakini ni ya kiasi. Kwenye majaribio, kina cha mfuko kilipungua zaidi kuliko kwa wale waliosafishwa tu, ila tofauti ya wastani ilikuwa chini ya nusu milimita. Sehemu kubwa ya uponyaji ilitokana na usafishaji. Nakuomba ulikumbuke hilo kila unaposoma habari za chembe, hata zile za miaka ijayo: chembe humalizia kazi ya mkono wa daktari, haziichukui. Mtu yeyote anayekuuzia chembe kwamba zitatibu jino bila kulifungua na kulisafisha, mwache aende zake.

Ukikutana na habari mpya ya namna hii, iulize mambo machache. Walijaribu kwa watu au kwenye meno ya mezani? Walipima baada ya siku au baada ya mwaka? Walilinganisha na matibabu ya kawaida yaliyofanywa vizuri, au na jino lisilotibiwa? Kama ni bidhaa inayouzwa hapa, muulize muuzaji kama imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kwa Tanzania, au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, na imesajiliwa kwa kazi gani hasa. Dawa za mswaki zenye neno nano mara nyingi zina haidroksiapatiti, madini yaleyale yanayounda jino. Wajapani wameziuza tangu 1980, na kazi yake ni kwenye uso wa enameli. Haziingii kwenye mzizi uliooza. Kwa matumizi ya kila siku, dawa ya mswaki ya kawaida yenye floridi inatosha, na Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021.

Sasa tuje kwa jino lako. Kama linakuuma ukinywa baridi na maumivu yanakoma mara, huenda kiini bado ki hai, na kuziba jino mapema kunaweza kukumalizia habari yote hii kwa gharama ndogo kuliko zote. Kama maumivu yanadumu baada ya chai ya moto, yanakuamsha usiku, au jino limekuwa na rangi ya kijivu, au kuna kipele kwenye fizi kinachotoa usaha na kufunga na kutoa tena, jino hilo linahitaji kufunguliwa au kung'olewa. Kile kipele wengi hukipuuza kwa kuwa hakiumi. Hakiumi kwa sababu usaha umepata pa kutokea.

Ukifika kwa daktari, usiombe kuandikiwa vidonge. Omba upigwe picha ya eksirei, kisha muulize kama kiini kimekufa na kama usaha unaweza kutolewa siku hiyohiyo. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba kwa watu wazima wenye afya, jino lenye maumivu au jipu lisilosambaa halihitaji antibayotiki pale ambapo tiba ya jino lenyewe inapatikana. Antibayotiki ina mahali pake: homa, uvimbe unaosambaa, au mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka. Hapo daktari ataandika, nawe ufuate maelekezo yake mpaka mwisho.

Mkikubaliana kutibu mzizi, muulize kama atatumia kile kitambaa chembamba cha mpira kinachozungushwa kwenye jino. Kinazuia mate, ambayo yamejaa bakteria, kuingia kwenye mfereji anaousafisha, na kinakukinga wewe na haipokloraiti. Muulize jino lako lina mifereji mingapi na kama ameipata yote. Magego ya kwanza ya juu, mengi yao, yana mfereji wa nne uliojificha, na mfereji ulioachwa ni sababu mojawapo kubwa ya maradhi kurudi. Daktari mzuri hatakasirika kuulizwa. Kisha usikawie kuliziba jino moja kwa moja au kulivika taji. Nimeona watu waliotibiwa mzizi kwa uangalifu, wakakaa miezi na ile ziba ya muda kwa kukosa fedha au kwa kuwa maumivu yamekwisha, mate yakapenya, na kazi yote ikaanza upya.

Kama fedha za kutibu mzizi hazipo, na kwa wengi wetu hazipo, kung'oa ni tiba halali. Chanzo kinatoka mwilini. Hakuna aibu ndani yake, na ni bora mara elfu kuliko kuishi na jipu kwa vidonge. Aliye mjamzito asiambiwe asubiri mpaka ajifungue, jino linaweza kutibiwa, amwambie tu daktari ujauzito una miezi mingapi. Mwenye kisukari naye asichelewe, maana maradhi ya kinywa huivuruga sukari na sukari huyachochea maradhi ya kinywa.

Neno kuhusu tiba za nyumbani. Mafuta ya karafuu, ambayo sisi wa pwani tunayajua kutoka Unguja na Pemba, yana eugenoli, na madaktari wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza ziba ya muda. Yanatuliza maumivu kweli. Tia tone kwenye pamba, weka kwenye tundu, kisha panga safari ya hospitali. Usisage aspirini ukaipaka kwenye fizi, inaunguza. Na maji ya betri, ambayo wapo wanaoyadondoshea kwenye tundu, ni asidi itakayochoma jino, fizi na ulimi.

Kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi. Uvimbe ukishuka chini ya taya pande zote mbili na ukawa mgumu, ulimi ukainuliwa, kumeza kukawa shida, mdomo ukashindwa kufunguka, sauti ikabadilika au pumzi ikawa nzito, mpeleke mgonjwa hospitali kubwa usiku huohuo. Hali hiyo ilielezwa na daktari Mjerumani, von Ludwig, tangu 1836, na bado inaua watu kwa kuziba njia ya hewa. Vilevile uvimbe unaopanda hadi kufunga jicho wenye homa. Mimi nilikuwa karibu na mlango huo bila kujua.

Gego langu lilifunguliwa siku ile, usaha ukatoka, na maumivu yalipungua kabla sijashuka kwenye kiti. Nilirudi mara mbili nyingine kwa kusafisha na kuziba. Lilikuwa na mifereji minne badala ya mitatu aliyoitarajia daktari. Baada ya mwaka nilipigwa picha tena, na kile kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, mahali ambapo mfupa ulikuwa umeliwa, kilikuwa kimepungua zaidi ya nusu. Mfupa hujijenga polepole, unaweza kuchukua hadi miaka minne. Daktari aliniandikia tarehe ya picha ijayo kwenye kadi. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo, pale nilipokuwa nikiweka vidonge vya akiba.